Vumbi la Singida na Ngozi ya Gari

 

Mwalimu mmoja wa Kiomboi amenitumia ujumbe. Amejibana miaka kadhaa, amenunua gari dogo lililotumika Japani, jeusi, na limefika likiwa linang'aa mpaka majirani wamekuja kujitazama mlangoni. Anaandika hivi: "Kaka, nimeuziwa kichupa cha seramiki, kidogo kama cha dawa ya macho. Nimeambiwa nikishapaka, gari halichubuki, jua haliligusi, na kuosha nitasahau. Nipake mwenyewe nyumbani au nimpelekee fundi?"

Mwalimu wangu, kupaka unaweza, tena mwenyewe bila fundi. Ila hayo matatu uliyoambiwa hayako ndani ya kile kichupa, na ningependa uyajue kabla hujakifungua.

Tuanze na unacholinda. Ukiliangalia gari unadhani unaona rangi. Unachokiona kwanza ni klia, lile tabaka angavu la juu kabisa. Chini yake ndiyo rangi, chini ya rangi kuna praima, halafu bati. Vyote hivyo kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, kwa kawaida vina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Klia peke yake huwa kama mikroni 40 hadi 50. Unywele wa kichwani kwako una karibu 70. Kwa hiyo kinachosimama kati ya rangi ya gari lako na jua la Singida ni kitu chembamba kuliko unywele mmoja. Watengenezaji huchanganya ndani ya klia dawa ya kunyonya miale mikali ya jua, na dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka. Ikiisha, klia inafifia, inakuwa nyeupe kama ukurutu, kisha inabanduka vipande vipande, juu ya paa na boneti kwanza. Simama stendi ya Misuna hapa mjini Singida kwa robo saa, utayaona magari ya namna hiyo hata kumi.

Na jua letu si la kulinganisha na la huko gari lilikotoka. Mji wa Singida upo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, hewa ya kuchuja miale inapungua. Tupo nyuzi tano kasoro kidogo kusini mwa ikweta, maana yake mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita linakaa juu ya utosi kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Machi angalau kuna mawingu ya masika. Oktoba hakuna wingu, hakuna majani, na paa la gari jeusi lililoegeshwa nje linaweza kupita nyuzi 70 za joto. Weka kiganja hapo uone.

Lakini jua, msikilizaji, linafanya kazi yake polepole. Kinachoharibu magari yetu haraka ni mkono wa mwenye gari akiwa na kitambaa kikavu.

Nieleze. Mkoa huu umekaa juu ya mwamba wa matale. Yale majabali makubwa tunayopiga nayo picha, yaliyobebana kama mtu aliyapanga, yanamomonyoka kila siku, na sehemu ya mmomonyoko huo ndiyo vumbi letu. Ndani yake kuna chembe za kwatzi. Katika kipimo cha ugumu wa madini, chenye ngazi 10, kwatzi ipo ngazi ya 7, na kioo cha dirisha hakifiki 6. Kwatzi inakwaruza kioo. Sasa klia ni plastiki tu. Upepo wetu, ambao kwa miaka mingi watu wamekuwa wakipanga kuutumia kuzalisha umeme, unalaza vumbi hilo juu ya gari usiku kucha. Asubuhi una kikao, unatoa kitambaa kwenye dashibodi, unafuta boneti upesi upesi, unaondoka. Umelipiga gari msasa. Lipeleke juani ulitazame kwa pembeni, utaona mistari ya duara duara kama utando wa buibui kuzunguka mng'ao wa jua. Kwenye gari jeusi mistari hiyo inaonekana kuliko rangi nyingine yoyote, na hapo ndipo nilipopata hofu, mwalimu, uliponiambia la kwako ni jeusi.

Seramiki haitakuokoa na hilo. Kwenye boksi pameandikwa ugumu 9H, na muuzaji anakwambia ni ugumu unaokaribia almasi. Kipimo kile ni cha penseli. Wanachukua penseli za ugumu tofauti, wanazisukuma juu ya tabaka, wanaangalia ipi inaacha mkwaruzo. 9H ndiyo penseli ngumu ya mwisho kwenye kipimo hicho. Penseli ni grafaiti na udongo wa mfinyanzi. Chembe ya kwatzi kutoka mlima wa nyuma ya nyumba yako ni ngumu kuliko penseli yoyote.

Sasa inasaidia nini? Inasaidia sana, kwa jambo jingine. Seramiki za kichupani nyingi zimejengwa kwa silika, jamaa yake kioo. Ukiipaka, kimiminika kinakauka kwa kunyonya unyevu wa hewani na kushikana na klia, kinabaki tabaka gumu lenye unene wa mikroni moja hivi au pungufu. Tabaka hilo linakataa maji. Maji yanakusanyika matone matone na kuteremka, na uchafu unakosa pa kushika. Matope ya barabara ya Ilongero yanatoka kwa kumwagiwa maji, hayangoji kusuguliwa. Na pale unapopunguza kusugua, ndipo unapopunguza mikwaruzo. Faida yake kubwa kwetu ni hiyo. Kinyesi cha ndege nacho, na wadudu wanaojaa kwenye boneti ukisafiri usiku wa masika, huchelewa kuila klia, ukapata muda wa kufika nyumbani ukaosha. Kuhusu jua, mikroni moja haiwezi kufanya kazi kubwa. Turubai, banda la mabati, hata kivuli cha ukuta baada ya saa nane, vinazuia jua kuliko chupa yoyote ya dukani. Mwarobaini una kivuli kizuri, lakini una ndege wake, kwa hiyo hapo chagua mwenyewe.

Wengine mtaniuliza, na nta je? Sisi ni watu wa nyuki. Ukipita Manyoni kwenda Itigi unaona asali imepangwa kando ya barabara, na nta imekuwa ikisafirishwa nje ya nchi hii tangu enzi za Wajerumani. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mtu anaweza kuyeyusha nta ya nyumbani akapaka gari. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Nimekwambia paa jeusi linaweza kupita 70. Kwa hiyo saa saba mchana nta yako imelainika, na vumbi likitua linakaa ndani yake kama nzi kwenye asali. Ndiyo maana nta nzuri za magari hutengenezwa zaidi kwa kanauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Hiyo inavumilia mpaka zaidi ya nyuzi 80. Inakaa wiki kadhaa, pengine miezi miwili, na inapakwa kirahisi. Ukikosea hakuna hasara, unafuta unaanza upya. Kwa anayeanza, mimi ningemshauri kanauba kabla ya seramiki, na sisemi hivyo kwa kuidharau seramiki. Nta yetu ya nyuki itunze kwa viti vya ngozi na mbao, huko inafanya maajabu. Na ninakuomba, usiiyeyushe kwa kuichanganya na petroli karibu na moto. Mvuke wa petroli hutambaa chini mpaka ulipo mkaa.

Kuna jingine, nalo linaniuma kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Gari likififia, mtu anachovya kitambaa kwenye mafuta ya alizeti au dizeli, anapaka, linang'aa vizuri kabisa kwa siku moja. Mafuta ya alizeti yakipigwa jua na hewa yanaganda taratibu, yanakuwa ulimbo. Mama yeyote anayekaanga chapati analijua lile ganda la njano lisilotoka pembeni ya karai. Hilo hilo unaliweka juu ya gari, pamoja na vumbi lililonasa. Dizeli nayo inalainisha mipira ya milango na kuacha unyevunyevu unaovuta vumbi. Gari lisilopakwa kitu lina afadhali.

Basi tuingie kazini. Kazi yenyewe, mwalimu, sehemu zake nne kati ya tano ni kuosha, kwa sababu chochote utakachokiacha chini ya seramiki utaishi nacho. Huwezi kukisugua tena bila kuivua seramiki yenyewe.

Anza alfajiri, bati likiwa la baridi. Usiguse gari kwa mkono bado. Chukua keni ya kumwagilia bustani, au kopo, umwagie maji kuanzia paa kushuka, uache yashuke na mchanga. Rudia. Wengi tunaruka hapa kwa sababu ya kubana maji, na ninaelewa, ndoo ya maji mkoa huu ina thamani. Lakini ndoo moja ya kumwagia kabla ya kugusa ina kazi kuliko ndoo tatu za kusuuzia baadaye. Kisha weka ndoo mbili, moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Chovya glavu ya kuoshea, ile yenye manyoya, kwenye shampuu, osha sehemu ndogo, kisha iende kwanza kwenye maji matupu uikamue, mchanga ubaki humo, ndipo irudi kwenye shampuu. Osha paa, vioo, boneti, milango ya juu. Sehemu za chini mwisho, kwa glavu nyingine kama unayo. Dodoki hapana. Sifongo ya jikoni hapana. Sabuni ya unga nayo ni kali, inachuna kila kilichopakwa na kukausha mipira.

Nilimwambia hivyo kijana mmoja anayeosha magari pale Misuna, ana ndoo moja na kitambaa kimoja kwa magari yote ya siku. Akanijibu, "Mzee, nikiweka ndoo mbili natumia maji mara mbili, na mteja hanilipi zaidi." Ana haki. Kwa hiyo sisi wateja tumlipe zaidi, au tubebe ndoo yetu ya pili na glavu yetu. Mimi siku hizi nabeba.

Kuhusu maji, usiende kuoshea ziwani. Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi. Maji yake yakikauka kwenye boneti yanaacha madoa meupe yanayong'ang'ania, na kwenye bati lililochubuka yanaita kutu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, zisifanyike shughuli zinazoweza kuliharibu. Mafuta na sabuni ya magari yetu vikishaingia mle havina pa kutokea, na wale heroe wanaotupamba wanakula humo humo. Maji ya visima vyetu vingi nayo yana madini, kwa hiyo usiyaache yakaukie juani. Kausha upesi kwa taulo laini la maikrofaiba, ulilaze na kulivuta, usisugue.

Gari likishakauka, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi upitishe vidole juu ya boneti. Utashangaa. Mkono mtupu hauhisi kitu, lakini kupitia ule mfuko utahisi kama msasa mwembamba: ni lami, vumbi la chuma la breki, utomvu. Doa la lami unaliondoa kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa, kisha unaosha tena pale pale kwa shampuu. Yaliyobaki yanatolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unauteleza juu ya klia iliyoloweshwa maji ya shampuu. Jina udongo lisikudanganye ukachimba kichuguu. Ule wa dukani ni kama ubani wa kutafuna uliotengenezwa kiwandani, na ukikuangukia chini hata mara moja, utupe. Umeshaokota kwatzi.

Mikwaruzo ya buibui inatolewa kwa polishi, na polishi ni kukata klia. Kumbuka zile mikroni 40. Gari limepigwa polishi Japani kabla ya kuuzwa, limepigwa tena Dar es Salaam ili likupendeze, hujui kimebaki kiasi gani. Piga kwa mkono, kidogo, sehemu inayoonekana zaidi, na mikwaruzo mirefu inayokwama ukucha iache ilivyo. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, simama: hapo hakuna klia, au gari limepakwa rangi mpya isiyo na klia. Na kama fundi rangi amelipulizia hivi karibuni, ngoja. Rangi mpya inaendelea kutoa tina kwa wiki kadhaa; ukiifungia chini ya seramiki inaweza kutoa malengelenge. Siku 30 ndicho kima cha chini, na fundi akisema ngoja zaidi, msikilize yeye.

Baada ya hapo futa gari lote kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji safi, kuondoa mafuta ya polishi. Spiriti ya kuchulia misuli kutoka duka la dawa huenda ina mafuta ndani yake, hiyo siyo.

Sasa kichupa. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha ya banda unalofanyia kazi, mkaa na sigara viwe mbali. Matone machache kwenye kitambaa kidogo kilichozungushiwa sifongo. Paka eneo la nusu mita kwa nusu mita, kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha kwa kuikata hiyo mistari. Halafu chuchumaa, tazama kwa pembeni kwa tochi. Utaona rangi za upinde wa mvua zinajitokeza kama mafuta juu ya dimbwi. Hapo futa kwa taulo moja, malizia kwa la pili lililo safi. Muda wa kusubiri usiukariri kutoka kwenye karatasi ya maelekezo peke yake. Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu, seramiki inawahi kukauka. Kwetu hewa ni kavu, na asubuhi za Juni zina baridi, inachelewa. Macho yako ndiyo saa. Ukichelewa kufuta, inaganda na kuacha kovu jeusi kama jasho lililokauka, na kovu hilo linatoka kwa polishi tu. Vitambaa ulivyotumia tupa, wala usivifue. Vikikauka vina kioo ndani.

Gari lisiguswe na maji kwa siku nzima ya kwanza, na sabuni isilifikie kwa wiki moja.

Niseme kilichonipata mimi. Nilipaka la kwangu mwezi wa nane, uani, nyuma ya ukuta mrefu, nikaamini ukuta umenikinga. Saa nne upepo ukageuka. Nilikuwa nimemaliza boneti na nusu ya paa. Vumbi lilitua juu ya seramiki mbichi kama unga juu ya chapati, na kila nilipofuta nilisikia ule mlio, krrr, chini ya kitambaa. Nilisimama pale na taulo mkononi nikajua kila nukta ya mlio ule ni mstari kwenye klia. Ilinichukua siku tatu kuiondoa mistari hiyo kwa polishi, na klia niliyoikata siku hizo tatu haitarudi. Nakuomba, mwalimu, yasikukute.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ngoja mwisho wa mwezi wa nne au mwanzo wa mwezi wa tano. Mvua zitakuwa zimeosha anga, majani yameshika ardhi, vumbi limelala, na hewa ina unyevu ambao seramiki inauhitaji. Upepo mkali haujaanza. Omba banda la jirani lenye kuta, mwagia sakafu maji jioni, kesho yake alfajiri anza. Mpaka wakati huo nunua glavu ya manyoya na ndoo ya pili, na kile kitambaa kikavu cha kwenye dashibodi kitoe ndani ya gari leo hii, kabla hujalala.

Kichupa chako kiweke kabatini, mahali pa baridi, kisimame wima, na usikifungue kuangalia rangi wala kunusa harufu. Kikishafunguliwa kinaanza kunyonya unyevu, na ukija kukitafuta mwezi wa tano utakuta kimeganda humo humo, kioo ndani ya kioo.